UZI: Siku 5 Montréal na mama yangu, Kifaransa hatujui hata neno. Mnaotaka kwenda piteni hapa

Kijana wa Pangani

Wakuu salaam. Naona humu wengi wanaogopa kwenda Montréal kisa lugha, hasa sisi wa Ontario tuliozoea Kiingereza kila kona. Na mimi nilikua hivo hivo, miaka minne nipo Kanada sijawahi kukanyaga Quebec, ule mkoa wenye Montréal, kila nikitaka kwenda naambiwa watakununia, ukiongea Kiingereza wanageuka pembeni, utapotea. Mwezi wa sita mama alikuja kunitembelea kutoka Tanga, akakaa wiki mbili akasema baba mi nimechoka kuona maghorofa haya haya, nipeleke kwengine. Basi nikajaza mafuta tukaondoka. Naandika kirefu maana nataka mtu mwingine asipoteze miaka minne kama mimi.

Ni kama kilomita 540 toka Toronto, unakamata barabara kuu ya 401 hiyo hiyo mpaka mpakani mwa Quebec, ukivuka tu barabara inabadilika jina inakua 20 na vibao vyote vinageuka hapo hapo. Njia ya kutokea imeandikwa SORTIE, mashariki EST, magharibi OUEST, kaskazini NORD, kusini SUD. Kile kibao chekundu cha kusimama kimeandikwa ARRÊT, na nimeambiwa hata Ufaransa kwenyewe wanaandika STOP, hawa wao hapana. Andika hayo maneno kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani, usitegemee simu maana ukiwa kwenye makutano na malori yako nyuma huna muda wa kutafsiri.

Sasa kitu cha kwanza kilichotupata. Tulikodi kifleti cha zamani, bafuni kuna koki mbili, moja ina herufi C nyingine F. Mimi kichwani mwangu C ni baridi kama Kiingereza, nikamwambia mama anza na C hiyo ni ya baridi. Mama akaweka mkono. Ile nimesikia sauti yake nikakimbia, mkono mwekundu mpaka kwenye kifundo, tukakaa pale kwenye sinki nimeushika chini ya maji ya F karibu robo saa, hakuungua kwa kutoka malengelenge alhamdulillah lakini niliumia sana maana mimi ndo nilomwambia. C ni chaud, yaani moto. F ni froid, yaani baridi. Kama utasahau yote kwenye uzi huu hili usilisahau, hasa ukiwa na watoto au wazee.

Kesho yake asubuhi tukaenda duka la mikate. Mimi nimeingia moja kwa moja, nikaomba kwa Kiingereza, naomba hiki na hiki bei gani. Yule dada akanihudumia, Kiingereza anajua vizuri tu, lakini uso mkavu. Nikasema moyoni ndo yale nilioambiwa. Mama yuko nyuma yangu, yeye alishamsikia jirani kwenye ngazi akamuuliza wanasalimiaje hawa, akafika kaunta akaweka mkono kifuani akasema "Bonzhuu". Wakuu, yule dada alibadilika. Bonjour madame, akaanza kumuonesha kwa kidole kipi kimetoka jikoni sasa hivi, akamfungia na kipande cha kuonja. Mama hana Kifaransa, Kiingereza chake cha kuombea maji, lakini waliongea wale mpaka nikasubiri mlangoni.

Tukatoka nje mama ananiambia, "We mwanangu, umeingia kwa mtu hukupiga hodi." Ndo hivo tu. Kumbe na wao wana shikamoo yao na mimi nilikua naipita.

Toka hapo kila sehemu nikawa nasema kwanza bonjour, nasubiri aitikie, halafu ndo naomba tuongee Kiingereza. Siku tano zote sikununiwa tena na mtu. Naendelea baadae, uliza unachotaka.

Kinyozi255

Mkuu mimi sikubaliani. Natoa hela yangu, mimi ndo mteja, kwanini nijikunje kujifunza lugha ya mtu kwa siku tano? Kanada si ni nchi ya lugha mbili, Kiingereza ni haki yangu pale.

Kijana wa Pangani

@Kinyozi255 ndugu yangu sijasema ujifunze lugha, nimesema salamu. Fikiria mzungu anaingia dukani kwako Magomeni hata hajakuangalia anasema nipe soda. Utampa maana unataka hela, ila utampa kwa uso gani? Halafu aje mwingine aseme "habari za asubuhi" amezivuruga vuruga vile wanavyovuruga, wewe mwenyewe utamtafutia kiti. Watu wa Unguja wanayaona haya kila siku.

Dada wa Côte-des-Neiges

Naishi hapa mwaka wa sita, naomba niongeze maana hili jambo lina mizizi. Wakati wa bibi na babu zao huku, Wafaransa wa Quebec walikua wengi lakini kazi kubwa na viwanda na maduka makubwa yalikua ya Waingereza, mtu akiongea Kifaransa mbele ya bosi anaambiwa "Speak white". Ndo maana 1977 wakapitisha ile sheria wanaiita Loi 101, Kifaransa kiwe lugha ya kazi, ya vibao, ya shule. 2022 wameikaza tena. Hao watu wamezungukwa na bara zima la Kiingereza, Marekani chini, Ontario pembeni, hofu yao ni kwamba wajukuu wao wataamka siku moja lugha haipo.

Mimi nilisoma shule ukikamatwa unaongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni mpaka umkamate mwenzio. Nilipoielewa historia yao nikawaelewa wenyewe.

Na hiyo salamu ya "Bonjour-Hi" utaisikia madukani katikati ya mji, maana yake mwenye duka anakwambia chagua lugha unayotaka, ukijibu kwa Kiingereza hakuna ubaya wowote. Lakini hata hiyo imeleta mjadala, 2017 bunge lao la Quebec lilipiga kura wote kwa pamoja kuwaomba wenye maduka waseme Bonjour peke yake. Ni ombi tu, sio sheria, watu wanaendelea kusema. Mgeni wewe haikuhusu, hakuna askari wa kukukamata kwa Kiingereza chako, naandika hili kwa sababu kuna dada yangu aliniuliza hivyo kweli kabla ya kuja.

Mwanafunzi Kenya

Sasa wadau. Mimi niko Ottawa, nataka kuongeza mambo ya chakula na saa kwa sababu yalinipata. Rafiki yangu ameoa Montréal, wazazi wa bibi yake wakanialika Jumapili, wakasema "dîner". Mimi nikajua ni chakula cha usiku, nikavaa vizuri nikafika saa moja jioni na maua. Walikuwa wamenisubiri tangu saa sita mchana, mzee alikuwa amechoma nyama na wakaweka sahani yangu kando. Huko Quebec déjeuner ni ya asubuhi, dîner ni ya mchana, souper ndiyo ya jioni. Ufaransa wanasema tofauti, kule dîner ni usiku. Nilijisikia vibaya sana, nikarudi wiki iliyofuata na zawadi kuomba msamaha, na huyo mama akaniwekea tena sahani.

Na kwa menyu, "entrée" ni kile kidogo cha kuanzia. Sisi wa Kiingereza cha Marekani tunadhani ni chakula chenyewe. Chakula chenyewe kiko chini ya "plats principaux". Ukitaka bili, Quebec sema "la facture".

Lushois_Mtl

Jambo ba ndugu. Mimi ni mutoto ya Lubumbashi, niko huku Montréal mwaka ya munane sasa. Ile maneno ya mama wa Pangani ni kweli kabisa. Bantu ba huku habana shida na Kingereza, shida ni kama unaanza kuomba mbele ya kusalimia. Hata siye benye tunajua Kifaransa tulipata matatizo yetu. Kwetu Congo tunasemaka septante na nonante, juu Babelgiji ndio balitufundisha, huku banasemaka soixante-dix na quatre-vingt-dix kama kule Ufaransa. Siku ya kwanza ku kazi nilisema nonante, bote banasimama kuniangalia.

Ukipotea mu metro, fungua masikio. Utasikia Swahili, utasikia Lingala, utasikia Kirundi. Usione haya, salimia.

Kijana wa Pangani

@Lushois_Mtl kaka umenigusa maana ndo ilitokea. Siku ya tatu tulikua kwenye metro mstari wa rangi ya chungwa, ikasimama katikati ya vituo, tangazo likapita kwa Kifaransa, likapita tena, watu wanaangaliana mimi sielewi kama ni moto au nini, mama kanishika mkono. Kwenye kiti cha mbele kuna mama mtu mzima alikua anaongea na simu, nikasikia "subiri kwanza nitakupigia". Nikamwambia shikamoo mama. Akageuka kama kaitwa jina lake! Mrundi, mzaliwa wa Buyenzi kule Bujumbura, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Akatuambia kuna abiria kaugua kituo cha mbele, dakika kumi tu itaondoka. Ikaondoka kweli. Akashuka na sisi kituo chetu ingawa yeye alikua anaenda mbele, akatuonesha mlango wa kutokea.

Halafu kitu kimoja, hizo namba za kina quatre-vingt zisikusumbue. Tisini wao wanasema nne-ishirini-kumi. Usijaribu kuzisikiliza, angalia kioo cha mashine ya malipo, kila duka kinakua kimekuelekea.

Dereva Mstaafu

Paking! Mbona hamjasema paking. Nguzo moja ina vibao vitatu vinne vimepandana, kila kimoja na saa zake na siku zake na miezi yake. Mimi kibao kilisema MAR – VEN 8h30 – 9h30, halafu chini 1 AVRIL AU 1 DÉC, yaani toka Aprili mosi mpaka Desemba mosi. Nikasoma MAR nikajua Machi. Nikaegesha Jumanne asubuhi kwa amani, nakuta karatasi ya faini kwenye kioo. MAR ni mardi, Jumanne! MER ni Jumatano, LUN Jumatatu, JEU Alhamisi, VEN Ijumaa, SAM Jumamosi, DIM Jumapili. Hiyo P iliyokatwa na mstari mwekundu inakwambia SAA HIZO usiegeshe, nje ya hapo ruksa. Soma vyote kuanzia juu mpaka chini, na angalia mshale unaelekea upande gani.

Pia kisiwa chote cha Montréal hairuhusiwi kukata kulia taa ikiwa nyekundu. Ontario tumezoea, kule ni kosa.

Na anwani. Boulevard Saint-Laurent ndio inagawa mji mashariki na magharibi, namba za nyumba zinaanzia hapo zinakwenda pande zote mbili. Kwahiyo 300 Sherbrooke Est na 300 Sherbrooke Ouest ni sehemu mbili tofauti. Kwenye anwani utaona herufi O mwishoni, wengine wanadhani sifuri, hiyo ni Ouest.

Bi Kidawa

Naomba kuuliza, kwa sisi wa halal tunakula nini? Na bakshishi ikoje, maana Paris nilikua silipi.

Kijana wa Pangani

@Bi Kidawa shikamoo. Sisi pia ni wa halal. Migahawa ya Walebanoni, Wamoroko na Waaljeria imejaa, mji una Waarabu wengi wanaoongea Kifaransa, hutakosa. Vitu vingine havina nyama kabisa, zile bagel za Saint-Viateur na Fairmount tulikula mpaka tukabeba za kuja nazo, wanazichemsha kwenye maji ya asali halafu zinaingia tanuri la kuni, unasimama pale unaona mtu na ubao mrefu anazigeuza, moshi wa kuni mama akasema kama jikoni kwa bibi. Poutine, ile chipsi yenye vipande vya jibini na mchuzi juu, uliza mchuzi umetengenezwa na nini, mara nyingi ni wa nyama.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni soko la Jean-Talon. Lipo toka 1933. Mwezi wa sita stroberi za Quebec ndo zimeiva, wauzaji wanakata matunda wanakuwekea kwenye kisahani uonje. Mama alikua anapita meza kwa meza, bonzhuu, bonzhuu, mersi. Kuna mzee anauza nyanya, mama akaishika moja akaibonyeza kidogo karibu na kikonyo kisha akainusa pale pale, vile wanavyofanya soko la Mgandini kwetu Tanga. Yule mzee akatoa kreti ya chini ya meza, akampa zile za kwake nzuri. Hawakusemezana neno zaidi ya salamu.

Bakshishi sio kama Paris, kule huduma iko ndani ya bei tayari, Montréal haimo na weita anaitegemea. Watu wanaweka asilimia 15 na kuendelea. Njia rahisi, chini ya risiti kuna kodi mbili, TPS asilimia 5 na TVQ asilimia 9.975, zijumlishe, hiyo hiyo ndo bakshishi yako.

Bi Kidawa

Marahaba mwanangu. Paris na mimi ilikua hivyo hivyo, ukiingia duka la mikate bila bonjour hata Kifaransa chako cha darasani hakikusaidii. Na mgahawani nilifundishwa niombe "une carafe d'eau", maji ya bomba ya bure, vinginevyo wanaleta chupa ya kulipia.

Kijana wa Pangani

Naendelea na siku ya nne, hii ndo sababu hasa nimeandika uzi.

Nilitaka kumpeleka mama uwanja wa Olimpiki, ile ya 1976. Kituo kinaitwa Pie-IX, nikauliza watu "Pai Iks" watu watatu hawakunielewa, wa nne nikamuonesha kwenye ramani akasema aah "Pii-Nef". Ni jina la Papa Pius wa tisa, kwahiyo hiyo IX inasomwa tisa yao, neuf. Muulize mtu kwa kuonesha, usisome mwenyewe.

Tukatoka pale nje, ule mnara umeinama juu ya uwanja kama shingo ya korongo. Mimi naona jengo tu. Mama kasimama kimya muda mrefu. Ananiambia, mwaka 1976 nilikua darasa la sita, baba alikua na redio ya mbao, mtaa mzima tunamsubiri Bayi. Februari 1974 Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kule Christchurch kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, kaongoza mwanzo mpaka mwisho, John Walker wa New Zealand nyuma yake. Dunia nzima ilitaka wakutane tena Montréal. Halafu Tanzania ikasema haiendi, kwa sababu New Zealand walipeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu na wao wakaachwa washiriki. Nchi za Afrika zaidi ya ishirini zikafuata, Kenya nayo ikatoka na wakimbiaji wake wote wale. Walker akachukua dhahabu.

Mama akasema, "Kumbe ni hapa." Akauliza njia ya kukimbilia iko wapi. Nikaenda kwa mlinzi pale nje, bonjour, nikamuomba Kiingereza, nikamueleza mama yangu ametoka Tanzania na sisi mwaka ule hatukuja. Yule mzee alikua anajua. Alisema yeye alikua kijana wa miaka kumi na tano, alikua na tiketi ya siku ya riadha, na aliona njia zile za kukimbilia ambazo watu hawakutokea. Akamtazama mama akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Mi nilikua natafsiri kutoka Kiingereza chake kizito kwenda Kiswahili na koo limekaba.

Ningebaki na uoga wangu Ontario nisingemuona mama yangu pale.

Mwanafunzi Kenya

Mzee wangu humtaja Mike Boit, mkimbiaji wetu wa mita 800, hivyo hivyo kila Olimpiki ikianza. Asante kwa kuandika hii.

Kinyozi255

Nimesoma mpaka hapa. Sawa mkuu, hilo la salamu nimekuelewa. Ninaenda mwezi ujao kikazi siku tatu, natua kwa ndege. Nipe maneno machache vile yanavyotamkwa.

Dada wa Côte-des-Neiges

Uwanja wa ndege kamata basi 747, linatembea usiku na mchana mpaka Berri-UQAM katikati ya mji, tiketi yake unaitumia metro na mabasi masaa 24, nunua kwenye mashine ukiwa bado ndani.

Maneno: bonzhuu ukiingia. Jioni bonswaa. Silvuple ukiomba, mersi ukipewa, bon zhurne ukiondoka. Zhe pale pa fransé, sisemi Kifaransa. Pale vu angle? unaongea Kiingereza? Kaunta watakuuliza vitu viwili kila siku, "pur isi u pur amporte", unakula hapa au unabeba, na "un sak?", unataka mfuko? Mlangoni POUSSEZ ni sukuma, TIREZ ni vuta. Choo, H wanaume, F wanawake.

Kinyozi255

F ya choo ni wanawake na F ya bomba ni baridi?

Dada wa Côte-des-Neiges

Ndio. Femmes na froid.

Lushois_Mtl

@Kinyozi255 ukifika unitafute huku kwa uzi. Ku nyumba kuko bukari, ile munaitaka ugali, na sombe, ile kisamvu yenu, kila siku ya Mungu, hauwezi kukaa mu hoteli siku tatu na mukate.

Kinyozi255

Nashukuru kaka. Nikuletee nini toka Dar?

Lushois_Mtl

Dagaa. Zile ndogo za Kigoma, zenye zimekauka muzuri.